Furaha ya Kuamriwa

Mwezi Julai 2007 video fupi iliwekwa YouTube kutoka Cebu, Ufilipino, na haikuchukua muda ikawa imetazamwa mamilioni ya mara duniani kote. Wanaume wapatao 1,500 waliovaa sare za rangi ya chungwa wamejipanga kwenye ua mpana wa saruji, kuta zimewazunguka pande zote. Muziki unaanza, ni "Thriller" ya Michael Jackson, na ua mzima unatembea kwa mwendo wa wafu waliofufuka: mabega yanapanda, shingo zinapinda, vidole vinakuwa makucha, miguu inaburuzwa kwa pigo moja. Ua huo ni wa gereza. Miongoni mwa wachezaji wamo walioshtakiwa kwa mauaji, ubakaji na biashara ya dawa za kulevya, na wengi wao walikuwa mahabusu, yaani hakuna mahakama iliyokuwa imewatia hatiani bado.

Watazamaji waligawanyika. Kundi moja liliona nyuso zenye tabasamu na hatua zilizokolea, likasema hili gereza limefaulu pale ambapo mengine yameshindwa. Kundi la pili liliona watu wasio na uwezo wa kusema hapana wakichezeshwa kwa ajili ya kamera, likasema hiyo si ngoma, ni kiboko kilichovishwa nguo za sherehe. Kila upande ulikuwa na hakika kwamba video ileile inauunga mkono.

Ugomvi huo una mizizi mirefu kuliko YouTube. Wanafalsafa na viongozi wa dini wameuliza kwa karne nyingi kama tendo jema lililofanywa kwa kulazimishwa ni la nani: la aliyelitenda au la aliyeliamuru. Waswahili walishatoa hukumu yao: hiari yashinda utumwa. Lakini methali hiyo inapima hiari na utumwa kwa matunda yake, na haijibu swali gumu zaidi, yaani la mtu aliyelazimishwa kisha akafurahi kweli. Ufilipino, nchi yenye muziki, sinema na ibada ambazo zote humtaka mtu auingize mwili wake mzima, imelijaribu swali hilo kwa njia nyingi.

Mwanzilishi wa mpango wa Cebu alikuwa Byron Garcia, mshauri wa usalama wa gereza la mkoa, wakati dada yake, Gwendolyn Garcia, akiwa gavana. Gereza lilikuwa na sifa mbaya ya magenge na mapigano. Garcia alianza na mazoezi ya kawaida ya gwaride, kisha akayawekea muziki. Wimbo wa mwanzo ulikuwa "Another Brick in the Wall" wa Pink Floyd, baadaye zikaja "In the Navy" na "Y.M.C.A." za Village People, na hatimaye "Thriller". Baada ya video kusambaa, wageni walianza kualikwa kutazama. Onyesho likawa la kila mwezi, watalii wakiketi juu ya ua, wakinunua fulana za kumbukumbu na kupiga picha na wafungwa. Mwaka 2010 Travis Payne, msanifu wa ngoma aliyefanya kazi na Michael Jackson kwenye matayarisho ya maonyesho yake ya mwisho, alifika gerezani humo na kuwafundisha hatua za "They Don't Care About Us".

Garcia alieleza kwamba wazo lilimjia kutoka kwenye filamu, The Shawshank Redemption ya mwaka 1994. Kuna sehemu ambapo mfungwa anayeigizwa na Tim Robbins anajifungia ofisini, anaweka santuri ya opera ya Mozart, na sauti za wanawake wawili zinatoka kwenye vipaza sauti vya gereza zima. Wafungwa wanasimama walipo, wanainua vichwa. Ni sehemu inayopendwa sana, na ni rahisi kuona kwa nini ingemgusa mtu mwenye dhamana ya gereza. Ila kuna jambo limegeuzwa. Katika filamu, anayeweka santuri ni mfungwa, anafanya hivyo kinyume cha amri, na anaadhibiwa kwa kufungiwa peke yake wiki mbili. Hakuna anayeamriwa kusikiliza. Cebu, mkono ulioweka muziki ndio ulioshika funguo.

Tofauti hiyo inatosha kuufanya mpango wa Cebu utiliwe shaka. Je, inatosha kuifanya furaha ya wachezaji kuwa ya uongo? Hapa mwili una ushahidi wake.

Mwaka 1941 kijana wa Kimarekani aitwaye William McNeill aliingizwa jeshini na kupelekwa kambini Texas. Silaha za kufanyia mazoezi zilikuwa haba, kwa hiyo makuruta waliandamishwa huku na huko kwa masaa, kushoto kulia, kushoto kulia, kwenye vumbi. McNeill alikuja kuwa mmoja wa wanahistoria wakubwa wa karne yake, na zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka 1995, alitoa kitabu kizima kuhusu jambo lililomshangaza kambini pale: gwaride lile lisilo na maana, lililoamriwa na watu asiowapenda, lilimpa raha. Alijisikia mkubwa, kana kwamba mipaka ya ngozi yake imesogezwa nje. Kitabu hicho kinafuatilia hisia ileile kwenye majeshi, kwenye ngoma za vijijini na kwenye ibada.

Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Oxford walikuja kuipima kwa njia nyingine. Waliwachukua wapiga makasia wa chuo, wakawafanyisha mazoezi ya mashine mara wakiwa peke yao, mara wakiwa pamoja kwa mpigo mmoja, kazi ikiwa sawa. Kisha wakapima kiasi cha maumivu ambacho kila mmoja angeweza kuvumilia. Baada ya mazoezi ya pamoja uvumilivu ulikuwa mkubwa zaidi, dalili ambayo watafiti waliitafsiri kuwa ubongo umetoa endofini nyingi zaidi, zile kemikali za mwili zinazotuliza maumivu na kuleta uchangamfu. Misuli ilifanya kazi ileile. Kilichobadilika ni kuwa na wenzako kwenye pigo. Aliyewahi kusimama kwenye halaiki ya sikukuu ya taifa, akiwa na miaka 14 na vitambaa viwili mkononi, hahitaji mashine kumthibitishia.

Kwa hiyo mfungwa aliyetabasamu kwenye ua wa Cebu hakuwa lazima aigize. Moyo ukienda mbio, jasho likitoka, mguu ukitua sawasawa na miguu mingine elfu, furaha hupanda bila kuuliza nani ametoa amri. Plato alilijua hili. Katika Sheria, kitabu chake cha uzeeni, anasema miungu iliwahurumia binadamu ikawapa sikukuu na hisia ya mdundo, na anataka mji wake uwafundishe raia wote kuimba na kucheza kwaya, kwa sababu raha ya mdundo huingia kwa mtoto kabla ya akili ya kuchagua. Alichokiona Plato kama nafasi ya malezi ndicho kinachotisha: furaha hii inapatikana kwa yeyote anayeweza kuwapanga watu mstari.

Maswali ni mawili basi, na ugomvi wa watazamaji uliyachanganya. La kwanza: je, mchezaji anafurahi? La pili: je, aliyemwamuru alikuwa na haki? Waliolisifu gereza walijibu la kwanza wakadhani wamejibu la pili. Waliolilaani walijibu la pili wakadhani wamelifuta la kwanza, na kwa kufanya hivyo wakamnyang'anya mfungwa hata kile kidogo alichojipatia mwenyewe ndani ya ua ule.

Cebu ni mahali pazuri pa kuyatenganisha maswali hayo, kwa sababu huko watu walikuwa wakicheza mbele ya Mungu muda mrefu kabla ya Garcia. Mwezi Aprili 1521 msafara wa Wahispania ulioongozwa na Magellan ulipofika kisiwani, mke wa mtawala Humabon alibatizwa akapewa sanamu ndogo ya Mtoto Yesu. Magellan aliuawa wiki chache baadaye, Wahispania wakaondoka, na waliporudi mwaka 1565 waliikuta sanamu bado ipo. Leo inakaa kwenye Basilika la Santo Niño, na mbele yake watu husali kwa kucheza: hatua mbili mbele, moja nyuma, mkono umeinuliwa. Ngoma hiyo ni Sinulog. Pembeni mwa basilika wapo wanawake wanaouza mishumaa. Mnunuzi anataja majina ya wagonjwa wake, wanafunzi wake, marehemu wake. Mwanamke anaishika mishumaa, anacheza hatua chache huku akiyataja majina yale, kisha maombi yanahesabika kuwa yamepelekwa.

Hapo mwili wa mtu mmoja unasali kwa nia ya mwingine, tena kwa malipo. Msomi mkali angeweza kuliita hilo biashara, na hangekosea kabisa. Lakini dini zote kubwa zinazojulikana Afrika Mashariki zinaiweka nia moyoni mwa ibada. Mwislamu hutia nia kabla ya swala, na kusujudu kwa kusukumwa shingo si swala. Kanisa Katoliki halihesabu kuwa ndoa ile iliyofungwa kwa vitisho, hata kama maneno yote yalitamkwa sawasawa. Kwa kipimo hicho muuza mishumaa hana tatizo: aliyenunua anataka, anayecheza amekubali, na hatua ni zilezile za siku zote. Tendo limegawanywa kati ya watu wawili, lakini kila kipande kina mwenyewe.

Kisha mwaka 1980 Sinulog ilipata umbo jipya. David Odilao, mkurugenzi wa kanda wa wizara ya michezo na maendeleo ya vijana, aliwakusanya wanafunzi, akawafundisha hatua za ngoma kwa ngoma za kupiga, akawaingiza barabarani kwa gwaride. Tangu hapo, kila Jumapili ya tatu ya Januari, Cebu hujaa vikundi vilivyofanya mazoezi kwa miezi, vyenye mavazi ya gharama, majaji na zawadi za fedha. Sala ya bibi mmoja mwenye mshumaa ikawa pia zoezi la viungo la maelfu ya vijana, na iliyoipeleka huko ilikuwa ofisi ya serikali inayoshughulika na michezo. Mcheza Sinulog wa mashindano anaweza kuwa anaabudu, anatafuta alama, anatafuta mchumba, au yote matatu kwa pamoja. Hatua haisemi.

Miaka ya 1970 ilikuwa imekwishawafundisha Wafilipino kwamba umati unaotoa sauti pamoja unaweza kuwa wa zaidi ya mwenye mali mmoja. Rais Ferdinand Marcos alitangaza sheria ya kijeshi Septemba 1972, akaita utawala wake Jamii Mpya, na shule zikapewa wimbo wa kuimbwa, muziki wake ukitungwa na Felipe Padilla de Leon. Watoto waliuimba wamesimama wima. Wengi waliokua wakati ule bado wanaukumbuka, na baadhi yao hukiri kwa aibu kwamba ulikuwa mtamu.

Wakati huohuo mtunzi José Maceda alikuwa akiwakusanya watu kwa namna yake. Maceda, aliyezaliwa Manila mwaka 1917, alianza kama mpiga piano wa muziki wa Ulaya na alisoma Paris kwa Alfred Cortot. Baadaye akaanza kuzunguka Luzon na Mindanao na vinasa sauti, akirekodi muziki wa mianzi na wa patu, na swali likamshika: kwa nini mwanamuziki wa Asia aandike muziki wa mtu mmoja kwenye jukwaa, na wengine mia wamekaa kimya gizani? Mwaka 1968 alitoa Pagsamba, muziki wa ibada wenye maneno ya Misa kwa Kitagalogi, kwa ajili ya waimbaji na wapigaji 241. Aliuweka ndani ya kanisa la mviringo la Chuo Kikuu cha Ufilipino pale Diliman, lililochorwa na Leandro Locsin, na wanamuziki wakatawanywa katikati ya waumini. Aliyekwenda kusikiliza alijikuta jirani yake anapiga mianzi. Mwaka 1971, katika kazi yake nyingine, watu 100 walitembea wakibeba vinasa sauti vya kaseti ndani ya Kituo cha Utamaduni cha Ufilipino, kila kaseti ikitoa sehemu yake.

Siku ya mwaka mpya 1974 akafanya kubwa kuliko zote. Kazi yake Ugnayan ilirekodiwa katika sehemu 20, na vituo 20 vya redio vya Manila vikarusha kila kimoja sehemu yake kwa wakati mmoja. Wananchi waliombwa kutoka na redio zao hadi kwenye viwanja na mabustani, kila mtu kwenye kituo tofauti, ili muziki ukamilike hewani katikati yao. Hakuna aliyeweza kuusikia peke yake nyumbani. Kwa nadharia ni moja ya mawazo mazuri zaidi ya muziki wa karne ya 20: sauti isiyokuwepo mpaka watu wakutane.

Lakini ni nani mwaka 1974 angeweza kuviagiza vituo 20 vya redio Manila? Kazi hiyo iliungwa mkono na Imelda Marcos, mke wa rais, chini ya sheria ya kijeshi iliyokuwa imevinyamazisha vyombo vya habari. Sauti za mianzi zilizokusudiwa kumkomboa msikilizaji kutoka kwenye kiti cha ukumbi zilipita kwenye mitambo iliyokuwa mkononi mwa utawala. Maceda hakuwa mpiga tarumbeta wa Marcos, na muziki wake haukumsifu yeyote. Bado, ili umati ukutane kwa mpigo mmoja, aliuhitaji mkono uleule uliowazuia watu kukutana kwa sababu nyingine yoyote. Aliheshimiwa kuwa Msanii wa Taifa mwaka 1997, akafariki 2004, na hazina ya kanda alizorekodi ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2007, mwaka uleule ambao Cebu ilipata umaarufu kwa muziki wa aina nyingine.

Mtu wa leo, tofauti na msikilizaji wa 1974, hukutana na umati kupitia kamera, na kamera ina maamuzi yake. Kila anayejifunza filamu huanzia hapo: isimame mbali au karibu, juu au usawa wa macho, na itazame kwa muda gani kabla ya kukata. Video ya Cebu ilipigwa kutoka juu, kwa mbali. Kwa kimo hicho mtu anakuwa nukta ya rangi ya chungwa, na uzuri wote unatoka kwenye umbo la kundi: mistari inafunguka, inafunga, inapinda. Hata anayecheza nafasi ya Jackson ni mdogo. "Thriller" ya asili, iliyoongozwa na John Landis mwaka 1983, ilifanya kinyume. Ilimrudia Jackson tena na tena kwa karibu, macho yakigeuka rangi, jasho usoni, na wafu wengine wakawa msafara wake. Gereza lilichukua hatua za ngoma likaacha uso.

Mtazamo wa kutoka juu pia ndio wa mnara wa mlinzi. Mwanafalsafa Michel Foucault, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu nidhamu na adhabu, alieleza jinsi magereza ya kisasa yalivyojengwa ili mmoja awaone wote nao wasimwone. Watazamaji wa YouTube, bila kukusudia, walikaa kwenye kiti hicho wakapiga makofi.

Sinema ya Ufilipino ilikuwa imekwishalifikiria jambo hili kwa undani miaka 25 kabla, katika Himala ya Ishmael Bernal, iliyoandikwa na Ricky Lee na kutolewa mwaka 1982. Nyota wake, Nora Aunor, alikuwa ameingia kwenye sanaa kwa sauti: binti wa Iriga aliyeuza maji kituo cha treni, akashinda shindano la uimbaji la Tawag ng Tanghalan mwaka 1967, akawa mwimbaji aliyepagawisha taifa kabla ya kuwa mwigizaji wake mkubwa. Katika Himala anaigiza Elsa, msichana wa kijiji kikavu anayesema amemwona Bikira Maria. Wagonjwa wanafurika, nyumba zinakuwa hoteli, maji matakatifu yanauzwa kwenye chupa, na mtengeneza filamu aitwaye Orly anafika na kamera yake. Orly anatafuta ukweli, lakini anapokuwa shahidi wa ukatili anaofanyiwa Elsa, hasaidii. Mwishoni Elsa anapanda kilima mbele ya umati na kuwaambia kwamba muujiza haukuwepo, kwamba miungu na laana hutoka mioyoni mwa watu wenyewe. Risasi inalia.

Bernal alitumia watu wa ziada wapatao 3,000 kwenye mchanga wa Ilocos Norte, na alijua lini awaonyeshe kama bahari na lini akate aende kwenye uso wa Aunor, macho yale makubwa yaliyokuwa yakibeba kurasa nzima bila neno. Anapokata kutoka umati kwenda uso, mtazamaji analazimika kumwondoa mtu mmoja kutoka kwenye imani ya wote na kumuuliza yeye peke yake: wewe unaamini nini? Na umati nao haudharauliwi. Baada ya risasi na mkanyagano wapo wanaoendelea kusali wakitambaa kwa magoti, na filamu haiwaiti wajinga. Ibada yao ni ya kweli hata kama kilichoianzisha hakikuwa kweli. Maswali mawili, na Bernal hakuliacha moja limeze lingine. Filamu yenyewe, kwa kejeli ya historia, ililipiwa na taasisi ya sinema ya serikali ya Marcos, iliyoongozwa na binti yake Imee.

Muziki wa Ufilipino unaotawala sasa ni wa vijana wanaoimba na kucheza kwa pamoja kwa ukali unaozidi gwaride lolote. SB19, wanaume watano walioanza rasmi mwaka 2018, walifunzwa na tawi la kampuni ya Korea Kusini, na mazoezi yao yalikuwa ya mwili kabla ya kuwa ya sauti. Madaktari huwapa watu kipimo rahisi cha ukali wa zoezi: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye kiwango cha wastani, kile ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima akifikishe kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Mwimbaji wa aina hii anatakiwa kufanya kile ambacho kipimo kinasema hakiwezekani. Anajenga mapafu, tumbo na mgongo mpaka pumzi ya kuimba ibaki hata moyo unapokimbia. BINI, wasichana wanane waliotokea kwenye mafunzo ya kampuni ya ABS-CBN, walitoa "Pantropiko" mwishoni mwa 2023, na mwaka uliofuata hatua zake zikachezwa na watu wa kila umri mbele ya simu zao.

Ratiba za mafunzo hayo ni ngumu, na mikataba ya tasnia hii inajulikana kwa kubana. Tofauti na Cebu imo kwenye jambo ambalo SB19 wenyewe wamelisimulia: wimbo wao wa kwanza haukushika, na kabla ya "Go Up" mwaka 2019 walikuwa wamekubaliana kwamba huu nao ukianguka, wanaachana kila mmoja aende zake. "Go Up" ukapaa. Lakini makubaliano yale yaliwapa kitu ambacho hakuna mafunzo yangewapa. Kila hatua waliyocheza baada ya siku ile walikuwa wameshajiuliza kama wangeiacha.

Uwezo wa kuacha si kipimo kamili. Muuza mishumaa wa Cebu anaweza kuacha kucheza, ila wanawe watakula nini? Mwanafunzi wa 1974 angeweza kuufumba mdomo wakati wa wimbo wa Jamii Mpya, na mwalimu angemwona. Watu wengi duniani hucheza mahali fulani kati ya hiari na hitaji. Hata hivyo kipimo hicho kina faida moja kubwa: kinaweza kuulizwa kwa maneno ya kawaida, mahali popote, na jibu lake halitegemei tabasamu.

Umoja wa Mataifa una kanuni za namna ya kuwatendea wafungwa, zilizoandikwa kwanza mwaka 1955 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2015 kwa jina la Nelson Mandela. Zinampa mfungwa haki ya angalau saa moja ya mazoezi nje kila siku, na kwa vijana na wenye afya zinataka mafunzo ya viungo na burudani. Ukisoma hapo tu, Garcia alivuka lengo. Lakini kanuni hizohizo, tangu toleo la kwanza, zinasema mahabusu ambaye hajahukumiwa apewe nafasi ya kufanya kazi ila asilazimishwe, na akichagua kufanya alipwe. Kwa hiyo mtu mwenye haki ya saa moja uani ana pia haki ya kukataa kazi, na yote mawili yanahusu ua uleule na miguu ileile. Asubuhi ya kawaida, milango ikiwa imefungwa, "Thriller" ingeweza kuwa zoezi. Jumamosi ya wageni, watalii wakiwa juu na fulana zikiwa mezani, hatua zilezile zilikuwa zimeshaanza kuzalisha kitu kwa ajili ya wengine, na kitu cha namna hiyo huitwa kazi. Mahabusu mwenye afya njema aliyetaka kubaki chumbani siku hiyo alikuwa na nafasi gani ya kubaki? Mtalii aliyeshuka kupiga naye picha angeweza kumuuliza, na jibu lingemweleza zaidi kuhusu gereza lile kuliko nukta zote 1,500 alizoziona kutoka juu.